Ufundi wa Kukataa Chapati

Ninyi vijana mlioingia kazi ya kupakia makontena juzijuzi, najua mnataka niwaeleze habari za friji na makochi. Nitafika huko. Lakini miaka yote niliyopakia mizigo ya watu wetu kutoka Texas kwenda Mombasa na Dar es Salaam, somo la kwanza nililompa kila mfanyakazi wangu halikuhusu kubeba kitu. Lilihusu kukataa chakula.

Msicheke. Hebu fikirini. Unafika kwa Mkenya pale Arlington asubuhi kuchukua mapipa na kitanda. Hujagusa hata mto, chai na mandazi viko mezani. Unatoka hapo unakwenda kwa Mtanzania, unakuta pilau, na mwenye nyumba ameamka alfajiri kwa ajili yako. Siku nyingine uko Gulfton kule Houston, ghorofa ya tatu, lifti hakuna, kwa familia ya Wakongo, na sombe, kisamvu chao, imeiva. Ukila kila mahali, jioni huwezi kuinama. Ukikataa vibaya, umemvunjia mtu heshima, na habari zako zitafika kanisani lori likiwa bado linageuza.

Kwa hiyo niliwafundisha hatua tatu. Kwanza, weka mkono kifuani usifie chakula: "Mama, harufu hii imenirudisha nyumbani." Pili, toa sababu isiyogusa mapishi yake: "Nimetoka kula sasa hivi." Tatu, akisisitiza, na lazima atasisitiza, mwambie: "Basi nifungie, nitakwenda nacho." Anafunga kwenye karatasi ya foili, anafurahi, nawe unaendelea na kazi. Kosa kubwa lilikuwa moja tu, kusema "sitaki". Hilo nililipiga marufuku. Sitaki ni kumbamizia mtu mlango usoni.

Wote walijifunza isipokuwa Athumani.

Athumani ni kijana wa Muheza, Tanga. Nimefanya kazi na watu wengi na sijaona mpangaji wa kontena kama yeye. Pia sijaona mtu aliyeshindwa kukataa chakula kama yeye. Siku moja Gulfton tulikuwa na wateja kadhaa katika jengo moja, naye akala kwa kila mmoja. Kwa mteja wa mwisho alikaa kwenye kochi tulilokuja kulichukua liende Bukavu, kule Kongo, akalala. Tukamtikisa, wapi. Mwenye nyumba, baba mmoja mpole, akamtazama, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mama, na huyu naye anakwenda Bukavu?"

Jina la Bukavu likamganda.

Lakini akiwa macho, basi! Alisimama kwenye mlango wa kontena, akatazama rundo la vitu uani huku akiimba taratibu, kisha akaanza kunyoosha kidole. Vizito chini, na uzito ulingane kushoto na kulia. Friji isimame wima, ndani yake zijazwe nguo, maana friji tupu ni nafasi iliyopotea. Magodoro yakae kati ya makabati. Kochi lisimamishwe kwa ubavu. Alikuwa akiingiza mkono kila mahali kutafuta upenyo, akiupata anausokomeza taulo au mto. Huo ndio ufundi wenyewe, wanangu. Mzigo hauharibiwi na uzito. Unaharibiwa na upenyo. Kitu chenye nafasi ya kusogea kitasogea, na baharini ni wiki nyingi.

Sasa niwaeleze kilichompata, kwa sababu siku moja kitampata mwenzenu, na nataka mjue la kufanya.

Tulikuwa tunateremsha friza kwenye ngazi, mkanda ukateleza. Nilikuwa nimewaambia mara nyingi: kitu kikianguka, kiacheni kianguke, friza zinauzwa kila kona ya Texas lakini migongo haiuzwi. Athumani hakuiachia. Aliizuia kwa mgongo wake. Daktari akampa vidonge vya maumivu, vile vikali, na mwanzoni vilikuwa dawa kama dawa nyingine. Alipoambiwa inatosha, mgongo ulikuwa bado unauma, na zaidi ya mgongo, mwili ulikuwa umekwisha kuvizoea. Watu wa pwani wanaiita arosto, ile hali mwili unapodai kitu chake na haukubali kusikia lolote lingine. Jasho linakutoka, mifupa inauma, usingizi huna.

Tazameni hapo jinsi wema wetu ulivyoingia. Sisi watu wa nyumbani dawa iliyobaki hatuitupi. Tunaigawa kama sukari. Huyu aling'olewa jino, yule alifanyiwa upasuaji, na kila nyumba ina kichupa kilichobaki nusu. Athumani alikuwa anaingia kwenye nyumba hizo kila siku. Alihitaji kushika kiuno tu na kukunja uso. "Pole mwanangu, ngoja nikuletee kitu." Mtu ambaye hawezi kukataa andazi, atakataa hicho? Mwishowe hakusubiri hata kupewa, alijifungulia makabati. Siku aliyokuja kazini macho yanafumba akiwa ameshika usukani, nilimnyang'anya ufunguo wa lori. Alishuka, akaenda zake. Hakurudi tena.

Miaka ikapita. Magoti yangu yakaniambia nistaafu, nikamwachia kazi Mutua, kijana wa Machakos niliyemlea mwenyewe katika biashara hii. Nimekaa zangu Arlington namwagilia sukumawiki, simu ikalia, namba ya Houston.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Yule aliyekuwa anakwenda Bukavu."

Nilicheka kwanza, machozi yakafuata. Aliniambia yuko soba hausi, yaani ile nyumba wanapoishi pamoja watu wanaojinasua kwenye ulevi na dawa, wakilindana. Ana miezi hajagusa kitu. Hakuniomba chochote. Alitaka kujua tu kama bado tunasokomeza taulo kwenye upenyo.

Nilipomwambia Mutua, habari zikasambaa, na watu wetu wakafanya kile wanachokifanya wakisikia mtu anaumwa: wakaenda kumjulia hali, wote. Magari mawili kutoka Arlington hadi Houston, masufuria yamefungwa kwa vitambaa, chupa za chai, mkeka. Aliyetufungulia mlango ni Mmarekani mmoja mkubwa, ndevu hadi kifuani, anaitwa Rei. Naye ni mkazi wa pale, wa siku nyingi. Alitutazama kama mtu aliyeletewa harusi ambayo hakuiagiza. Kumbe sheria ni wageni wawili kwa zamu. Tukakaa kwenye nyasi tukiingia wawiliwawili kama wanyama wa safina ya Nuhu.

Hata hivyo nyasi hazikutuzuia. Athumani alipotoka, ndugu yetu mmoja alisimama, akasafisha koo, akamwomba atoe ushuhuda jinsi Mungu alivyomtoa shimoni. Kijana akatazama viatu vyake. Alikonda pale pale mbele ya macho yangu.

Nikasema, "Ndugu, leo hakuna ushuhuda. Leo kuna kuku. Athumani, njoo unipakulie."

Nawaambia hili kwa sababu wengi hukosea hapo kwa nia njema. Mtu anayetoka kwenye uraibu amechoka kuwa habari. Akitaka kusimulia, atasimulia, nawe sikiliza. Asipotaka, ongea naye habari za mpira, za mvua, za bei ya kitunguu. Umekwenda kumwona yeye, hukwenda kuuona ugonjwa wake.

Baada ya hapo nilikuwa nakwenda peke yangu. Safari ni karibu saa nne, nazipenda, nina redio yangu na karanga zangu. Sikumpelekea pole. Nilimpelekea kazi. Mutua akipata mzigo mgumu, mimi nachukua maboksi matupu ya majani ya chai na ya viatu, kila moja badala ya kitu kimoja cha mzigo, nayamwaga kwenye meza ya soba hausi: "Hili kabati, hizi mashine mbili za kufulia, hii meza haifunguki miguu. Nipangie." Mara ya kwanza alipanga akabomoa, akapanga akabomoa. Baadaye akaanza kuimba tena taratibu. Rei alikuwa anakuja kutazama, akisogeza boksi, Athumani analirudisha. "Hapo unaacha upenyo, kaka." Mutua alipakia kama alivyoelekezwa, na mizigo ilifika bila kikombe kuvunjika. Kumpa mtu kazi halisi, ambayo usingeweza kuifanya vizuri bila yeye, kunamsimamisha kuliko maneno matamu ya mwaka mzima.

Siku moja nikamwuliza kama yuko tayari kurudi kwenye kontena. Akasukuma maboksi pembeni.

"Mama, wabaya siwaogopi. Wabaya hawana habari na mimi. Naogopa wema. Mtu mzima akininyooshea mkono una kitu ndani, mimi napokea. Ndivyo nilivyolelewa. Mkono unakwenda wenyewe."

"Basi tutaufundisha mkono," nikasema.

Tukaanza mazoezi. Vidonge vilikuwa peremende. Mimi nilikuwa shangazi, mama mkwe, mke wa mchungaji. Nilipochoka, Rei akachukua zamu. Nilimfunga kanga yangu kichwani, zile ndevu zikatokeza chini, akajifunza maneno matatu ya Kiswahili kwa lafudhi ya Texas: "Kidogo tu, mwanangu!" Alisisitiza yule bwana! Alimfuata Athumani hadi jikoni na peremende kwenye kiganja. Athumani mkono kifuani, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku akifa kwa kicheko.

Mwisho Rei alivua kanga akauliza kwa Kiingereza chake cha polepole: kwa nini asiseme tu hataki?

Mimi na Athumani tulicheka hadi tukashikana mabega. Nikamwambia, "Rei, wewe huwajui bibi zetu."

Mutua hakukubali haraka, na simlaumu. "Mama, mimi sina shida na Athu. Lakini naingia nyumba za watu. Mteja akikosa dawa yake, hata kama imeanguka nyuma ya sinki, nitasemaje? Jina litaharibika, na yeye ataumia zaidi."

Jibu lilitoka kwa Athumani mwenyewe. "Nyumbani kwa mtu siingii. Nileteeni vitu nje. Mimi nitakaa ndani ya kontena tu, nitapanga." Pia akaomba mimi niwepo, nikae kwenye kiti nimwone. Angalieni hilo, vijana. Msimwekee mtu masharti kabla hamjamwuliza. Yeye anajua ufa wake uko wapi kuliko ninyi.

Wakakubaliana kontena moja la majaribio, huko Pearland, nje kidogo ya Houston. Likienda vizuri, Mutua anamrudisha kazini. Likienda vibaya, sote tulijua kwamba kazi ndiyo ingekuwa hasara ndogo.

Mteja alikuwa Nyanya Mumbua, bibi wa Makueni. Aliishi na binti yake, muuguzi katika hospitali moja kubwa ya Houston, na sasa alikuwa anarudi nyumbani kabisa na vyombo vyake vyote. Alikuwa na fimbo, kwa sababu ya goti alilofanyiwa upasuaji, na ulimi usiohitaji fimbo. Tulipofika alimtazama Athumani juu hadi chini.

"Huyu mrefu ni wangu. Mutua, huyu usimpakie, niachie hapa."

"Nyanya, huyo anatoka Tanga, utamweza?"

"Wa Tanga ndio wanajua kupika. Mume wangu, jina lako nani?"

"Athumani, nyanya. Shikamoo."

"Usinishikamoo mume wangu, utanizeesha."

Kazi ikaenda kama wimbo. Mutua na wenzake wanatoa, Athumani anapanga. Mimi kwenye kiti changu kivulini, kofia kichwani, jua la Houston linavyojua kuchoma. Kufikia adhuhuri kontena lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, kuta zimenyooka kama matofali. Lakini nilimwona. Kila akiinuka anashika kiuno. Mgongo wa zamani ulikuwa umeamka.

Na mimi sikuwa peke yangu niliyemwona. Mlango wa gereji ukafunguka, Nyanya Mumbua akatoka. Fimbo kwapani, glasi ya maji mkono mmoja, kichupa mkono wa pili. Kile kichupa cha rangi ya chungwa mnakijua.

"Mume wangu! Nimekuona dirishani unashika kiuno kama mwanamke mjamzito. Shika hii. Zilibaki za goti langu."

Mutua alisimama na droo mikononi. Mimi nilishika mikono ya kiti ili nisiinuke. Ningeweza kusema neno moja na kumwokoa. Lakini kesho ningekuwa wapi, na keshokutwa? Nikabaki kwenye kiti changu.

Athumani akaweka mkono kifuani. Hatua ya kwanza, sifia.

"Nyanya, asante sana. Dawa yako inaonekana... nzuri sana."

"Ni nzuri mno! Nikimeza hiyo nasikia malaika wanaimba kwa Kikamba. Kunywa!"

Hapo ndipo nilipoona shimo kwenye ufundi wangu wote. Kitu kile kilikuwa hakifai kusifiwa. Athumani naye aliliona. Akakimbilia hatua ya pili.

"Nimekwisha kumeza nyingine nyumbani, nyanya."

"Nyumbani wapi, na maumivu unayo hapa? Usinidanganye, mimi nimezaa. Kidogo tu, moja tu."

Akaiweka glasi juu ya boksi, akatoa kidonge, akakinyoosha kwenye kiganja. Ikabaki hatua ya tatu. Nikamwona Athumani anafungua mdomo, na nikajua maneno yanayokuja kwa sababu mimi ndiye niliyeyapanda humo.

"Basi nifung..."

Akalikata neno katikati.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kuondoka kifuani, uko njiani. Aliutazama kama wa mtu mwingine. Akaurudisha, akauficha nyuma ya mgongo kama mtoto.

"Nyanya," akasema, "sitaki."

Nyanya Mumbua alirudi hatua moja. Nadhani tangu azaliwe hakuna mtu wa umri ule aliyemwambia neno hilo.

"Usinichukie," Athumani akaendelea. "Hizo ndizo zilizoninyang'anya kazi. Nilikuwa mtumwa wa dawa hizo. Nikimeza hiyo moja, sitalala mpaka nipate ya pili. Ndiyo maana siingii ndani kwako. Nisamehe, nyanya."

Bibi alitazama kiganja chake. Akatazama kichupa, akakitikisa sikioni.

"Kumbe hizi zinakula watu?"

"Mimi zilinila."

Akarudisha kidonge ndani na kukaza kifuniko. Akageuka, akampazia binti yake sauti. "Wewe! Hizi zinapelekwa wapi? Sizitaki nyumbani kwangu!" Binti akatoka, akachukua kichupa, akasema maduka mengi ya dawa yana sanduku la kutupia dawa zilizobaki, atakipeleka leo hii. Lijueni hilo nanyi, vijana. Ulizeni duka la dawa lililo karibu, na kikitoka kwenye droo yako hakitamfikia mwenzako.

Nikadhani yameisha. Nyanya akapiga fimbo chini.

"Sasa wewe, mume wangu. Kaa hapo kwenye boksi. Leteni maji ya moto na taulo. Mtu wangu hapandi meli na kiuno kibovu."

"Nyanya, mimi sisafiri, ni vyombo tu..."

"Kaa!"

Akamkanda mgongo palepale, mlangoni mwa kontena, taulo linatoa mvuke, Athumani anapiga kelele, Mutua anacheka hadi anaiweka droo chini. Kukanda hakuondoi kila kitu, lakini aliinuka akapanga kontena hadi mwisho. Mutua alipofunga milango, Athumani aliupiga mlango kwa kiganja, akaweka sikio. Ndani hakikusogea kitu.

"Jumamosi tuko Gulfton," Mutua akasema, kama anaongea na mlango. "Ghorofa ya tatu."

"Nani anapika?" Athumani akauliza.

Ndivyo alivyorudi kazini. Tukiwa tunaaga, Nyanya Mumbua akatokea tena, safari hii na sahani ya chapati zinazong'aa mafuta. Athumani mkono kifuani: harufu hii, nyanya, imenirudisha nyumbani. Lakini nimeshiba. Kidogo tu, mume wangu. Akala akiwa amesimama, akala tena akiwa amekaa, kisha akasema bila hata kuulizwa: "Nifungie nyingine, nitakwenda nazo." Alishindwa hatua zote tatu, kwa mpangilio mzuri kabisa.

Nilimrudisha soba hausi mwenyewe, furushi la foili mapajani mwake. Rei alikuwa anatusubiri kwenye ngazi ya mlangoni. Hakusalimia. Alimtazama Athumani machoni, akauliza kama amepewa vidonge.

"Nimepewa," Athumani akamwambia. "Nikasema sitaki. Kama ulivyosema wewe."

Rei akashusha pumzi ndefu. Halafu akaliona lile furushi, akanyoosha kidole: na hizo je?

"Hizi ni chapati, kaka. Hizi hazikataliwi." Akafungua foili, akamsogezea. "Kidogo tu, mwanangu."

Yule bwana mkubwa akaweka mkono mmoja kifuani juu ya ndevu zake, akainamisha kichwa kwa adabu kama nilivyomfundisha, na kwa mkono wa pili akachukua mbili.